Mashine ya Wageni

Shemeji yangu alikuwa mtunza stoo. Nalisema hili mwanzo kabisa ili usinichoshe baadaye kwa kuniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Kuna watu wakistaafu kazi huwaacha. Huyu kazi ilimganda hadi kwenye mifupa. Mtaa mzima tulimwita Stoo, naye alilipenda jina hilo, maana alidhani ni cheo.

Kazini kwake, ofisi moja ya ujenzi, alitunza balbu, misumari, mifagio na rangi. Sifa yake kubwa, aliyotusimulia mpaka tukaijua kwa moyo, ni kwamba siku anakabidhi funguo hakikupungua kitu. Kingepunguaje, na hakuwahi kumpa mtu kitu? Mafundi walikuja na karatasi zenye mihuri kuomba rangi ya kupaka ukuta wa ofisi ileile, akawaambia wasubiri, rangi hiyo ni ya kazi maalumu. Rangi ikasubiri mpaka ikakauka ndani ya makopo. Ukuta ukabaki na mabaka hadi leo, na Stoo akapewa cheti cha uaminifu. Alikitundika sebuleni juu ya kabati.

Na hilo kabati sasa! La vioo, lenye kufuli. Ndani yake vikombe vya maua, sahani zilizopangwa kwa ukubwa, na chupa ya chai ambayo haijavuliwa nailoni tangu itoke dukani. Vyote vya wageni. Dada yangu, mke wake wa ujana na uzee, alinywea chai kikombe cha plastiki kilicholika ukingo. Watoto wao walikua, wakaondoka, wakaenda kuishi mbali, hawajaonja hata maji kwenye glasi zile. Sisemi kwamba ni nyumba yao tu. Wengi wetu ndivyo tulivyolelewa: kizuri ni cha mgeni, mwenyeji ajibanze na kilichobaki. Lakini wenzake tunafanya hivyo kwa vikombe. Stoo alifanya kwa mashine ya presha.

Ilikuja hivi. Mtaa wetu uko mbali na kituo cha afya, na ukifika huko unakuta foleni imeshazunguka jengo. Kwa hiyo watu wa kwetu hawapimi presha, wanaanguka. Ndipo shirika moja likaamua kugawa mashine za kupimia nyumbani, kila mtaa moja. Muuguzi wa kituo akatukusanya kwenye darasa la shule ya msingi, tukabanana kwenye madawati ya watoto, akatuonyesha. Mkanda unafungwa hapa juu ya kiwiko, unabonyeza hapa, unatulia, namba zinatokea zenyewe.

"Mashine hii haikai mahali pamoja," akasema. "Inazunguka. Mwenye wasiwasi anakaa nayo kwake, anapima asubuhi na jioni akiwa ametulia, kisha anampa jirani. Namba zikiwa juu, mje kituoni, dawa zipo. Na huyo mtakayemchagua kuitunza, tafadhali, aanze na watu wa nyumbani kwake."

Kisha akauliza nani mwaminifu. Watu wazima na akili zao wakageuza shingo kumtazama Stoo.

Nikanyosha mkono. "Jamani, hapa tunatafuta mtu wa kuitoa, siyo wa kuifungia."

Wakacheka. Mjumbe wa mtaa, mwanamume ambaye tumbo lake huingia mlangoni kabla yake, akaniambia, "Msusi, kaa chini. Wewe shughulika na nywele." Stoo akapokea boksi kwa mikono miwili, akainama kidogo. Masikini akipata, matako hulia mbwata.

Ni kweli mimi ni msusi. Nina kachumba nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, viti viwili, kioo kimoja, na umbea wa kutosha. Dada yangu ndiye aliyenishika mkono baada ya mama yetu kufa, akaninunulia kitana changu cha kwanza. Mama alikufa kwa presha ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Aliamka mzima, mchana mkono wa kulia ukawa mzito, kabla ya wiki kwisha tukamzika. Kwa hiyo dada alipokuja kwenye kachumba changu akishika kichwa, nilimkalisha kitini palepale.

"Umenisuka kwa kukaza," alilalamika. "Kichwa kinagonga. Nifumue."

Nikamfumua msuko wote, mmoja mmoja, nikamkanda ngozi ya kichwa kwa mafuta. Nilipomaliza nikamwuliza, "Bado kinagonga?"

"Bado."

"Na macho?"

"Naona vitu kama cheche hivi. Uchovu tu, mdogo wangu."

Nikatazama miguu yake. Kandambili zilikuwa zimeacha alama za mikanda kwenye nyama iliyovimba. Nikamwambia hizo si nywele wala si uchovu, hiyo ni presha, na bahati yake mashine inalala chumba cha pili kutoka kitandani kwake. Akacheka, akajifunga kitambaa, akaondoka kwenda kupika.

Sasa nikueleze mashine ilivyokuwa ikiishi. Iliwekwa kabatini, kati ya chupa ya chai na sahani, ikafunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Dada yangu ndiye aliyeifuta vumbi. Alijua mpira wake unavyokunjwa, alijua mkanda unavyoviringishwa usivunjike. Mkono wake haukuwahi kuingia ndani ya mkanda ule.

Kila Jumamosi alasiri Stoo alivaa koti. Koti, jamani, na mabati yanachemka! Wakaja wateule wake: mjumbe, mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye nyumba za kupanga. Msukuma mkokoteni naye alikuja mara moja, akapokelewa mlangoni, akaambiwa mashine inapumzika. Imechoshwa na nini? Wateule wale walikaa kwenye makochi, wakapiga soga, dada akaleta chai katika vikombe vya maua, ndipo Stoo akafungua kufuli, akaifunua mashine, akamfunga mtu mkanda kwa madaha. Namba ikitoka kubwa, unadhani alimwambia mtu aende kituoni? Thubutu! Ati si adabu mgeni atoke kwako na habari mbaya. "Tunywe chai kwanza, tutarudia." Wakanywa, wakarudia, wakanywa tena, wakarudia, hata ipatikane namba ya kupendeza. Hiyo ndiyo aliyoitangaza kwa sauti, na wote wakapiga makofi. Mama mwenye nyumba alipimwa siku moja mpaka mkono ukabaki na alama.

Namba zote alizihifadhi kichwani. Stoo hakuandika, alijivunia kichwa chake. Akikutana na mtu njiani hakumwuliza habari za nyumbani, alimwambia, "Mia na thelathini kwa themanini! Safi sana!" Na yule mjinga alichekelea kama kafaulu mtihani. Walianza kumwita Daktari. Nilipolisikia jina hilo nilifyonya mpaka mteja wangu akadhani nimemchoma na sindano.

Nikaenda kuiazima. Nilimkuta Stoo sebuleni, anapangusa kioo cha kabati kwa gazeti.

"Shemeji, naomba mashine. Nataka nimpime dada."

"Kwani anaumwa?"

"Unalala naye kitanda kimoja halafu unaniuliza mimi?"

Akaweka gazeti chini taratibu, kama hakimu. "Msusi, hebu elewa. Mashine ni ya watu. Nikianza kumpima mke wangu, watasema nimejimilikisha."

"Muuguzi alisema uanze na watu wa nyumbani. Tulikuwapo wote."

"Huyu yupo hapahapa, haendi popote. Siku yoyote atapimwa. Wa kuja na kuondoka ndio wa kuwahi."

"Basi mpime leo. Siku yoyote ni leo."

"Betri zitakwisha," akasema, akarudi kwenye kioo chake.

Dada akaniita jikoni nikamsaidie kuchambua mchele. Nilifikiri ataniunga mkono. Badala yake akaninong'oneza kwa hasira, "Unanitia aibu. Vitu vya wageni vile, niweke mkono wangu huu unaonuka vitunguu?"

"Dada, ile ni mashine. Haina pua."

"Acha, mdogo wangu. Tutagombana bure."

Nilitaka kumtikisa. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikachambua mchele. Nikamwambia kama ni hivyo, twende kituo cha afya Jumatatu, nitafunga kachumba, tutapanga foleni pamoja. Akasema Jumatatu anafua mapazia, maana watu wa shirika wanakuja Alhamisi kuona mashine inavyotunzwa, na mumewe amesema nyumba ing'ae. "Wageni wakiondoka tu, Ijumaa nakwenda nawe. Nakuapia." Mapazia! Mtu anaona cheche machoni, anafua mapazia ya kupokelea watu wanaokuja kuuliza kama watu wanapimwa.

Jumatano Stoo akaenda kunyoa. Nilimwona akipita mbele ya dirisha langu, nikamwacha mteja kichwa nusu, nikakimbia kwao. Dada alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo umeegemea gunia, ndoo ya maji pembeni. Alisema ameketi kidogo tu apate pumzi.

"Ufunguo wa kabati uko wapi?"

"Aa, wewe..."

"Uko wapi, dada? Ule wa siku unapofuta vumbi."

Kwa mara ya kwanza hakubishana, na hilo likanitisha kuliko kichwa kinachogonga. Akautoa kwenye kopo la chumvi. Tukafungua. Yeye mwenyewe akaifunua mashine, akakunjua mpira, akanawa mkono wa kushoto kwa sabuni, akaufuta vizuri, akanipa. Nikamfunga mkanda juu ya kiwiko. Tulikaa kwenye makochi ya wageni, sisi wawili, na akatabasamu kidogo kwa haya. Nikabonyeza.

Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Nikaigeuza, nikafungua kifuniko cha nyuma. Patupu.

"Huwa anazitoa," dada akasema, kama ananikumbusha jambo la kawaida. "Anatembea nazo mfukoni, zisije zikaisha bure."

Ebo! Mtunza stoo! Nilimtukana pale pale, matusi ambayo msusi huyajua na mke wa mtu hatakiwi kuyasikia. Nikamwambia dada asiondoe mkanda, akae hivyo hivyo, nakwenda dukani. Duka la kwanza hawakuwa na saizi ile. La pili mwenye duka alikuwa anakula, akanisubirisha. Nilirudi nikihema, betri mkononi, nikamkuta Stoo mlangoni, kichwa kinang'aa, kabati limefungwa, na ufunguo kashauchukua yeye. Dada alikuwa amerudi jikoni.

"Mpime sasa hivi," nikamwambia. "Betri hizi hapa. Zangu."

Nadhani sura yangu ilimtisha, maana hakunijibu kwa kiburi. Alifikiri. Kisha uso ukamchangamka, akapata wazo lake. "Kesho," akasema. "Kesho mbele ya wageni, yeye ndiye atakuwa wa kwanza. Watapiga picha: mtunzaji na mkewe. Si vizuri hivyo?"

"Kichwa kinauma leo."

"Usiku mmoja tu, shemeji. Usiwe na haraka kama moto wa makaratasi."

Nikamgeukia dada. Akaitikia kwa kichwa. Alifurahi, maskini, ametajwa, atapigwa picha. Alinituma nikamletee kitambaa kizuri cha kichwa.

Alhamisi walikuja watu watano kwa gari jeupe, muuguzi akiwa mmoja wao. Makochi yalijaa wateule wa Jumamosi, mimi nikapata kigoda karibu na mlango. Stoo na koti lake alisimama chini ya cheti, akahutubia. Alisema mashine tangu aipokee haijapata mkwaruzo. Akaigeuza waone mgongo wake, safi, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa. Wageni walitazamana. Muuguzi akauliza, "Imekwenda nyumba ngapi?" Stoo akacheka, akasema nyumba zote huja hapa. Muuguzi akafungua mdomo kuuliza tena, lakini mjumbe akaanza kupiga makofi, na ukishapiga makofi katika mkutano maswali hufa.

Akapimwa mkubwa wa wageni. Akapimwa mjumbe. Mama mwenye nyumba akaanza kukunja mkono wa gauni.

"Shemeji," nikasema kwa sauti, "wa kwanza si alikuwa dada?"

Watu wakanigunia. Stoo akajichekesha, akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama watoto! Njoo na chai, kisha ukae hapa upimwe, upigwe picha."

"Nakuja," dada akaitika.

Tulisikia hatua zake, kisha tukasikia vikombe. Alikuwa ameanguka kwenye kizingiti cha jikoni, sinia chini yake, chai imetapakaa, kitambaa kizuri kimemtoka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alijaribu kusema neno akashindwa. Mimi na muuguzi tulimfikia pamoja. Na nilipoinua macho kumtafuta mumewe, naapa kwa mama aliyenizaa, alikuwa anatazama vikombe.

Tulimbeba hadi kwenye gari la wageni, kichwa chake mapajani kwangu. Stoo hakupanda. Alisema atafuata, ngoja afunge kabati.

Hospitali daktari kijana alitoka akaniuliza maswali pale koridoni. Anatumia dawa gani? Hakuna. Amewahi kuambiwa ana presha? Hapana. Alipimwa lini mara ya mwisho? Nikamwambia, "Nyumbani kwao kuna mashine." Akadhani sikumsikia, akauliza upya. Nikarudia lilelile. Akanitajia namba aliyoikuta kwenye mkono wa dada yangu, akaitaja kwa sauti ndogo, na akasema damu imevujia kichwani, tumechelewa sana kumleta. Dada hakufungua macho tena. Stoo alifika ameshakuwa mgane.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani. Wakasema ya kusema: ameitwa, kazi ya Mungu haina makosa, siku ikifika imefika. Nilikaa na wanawake ndani, nikiyasikia hayo, nikiyameza. Hawakuwa na aibu hata mmoja. Mjumbe alilia kwa sauti kuliko watoto wa marehemu waliosafiri kutoka mbali kuja kuzika.

Siku ya pili baada ya maziko, mama mwenye nyumba akasema kichwa kinamzunguka kwa majonzi. Stoo akainuka. Nilifikiri anamletea maji. Akaenda kabatini, akafungua kufuli, akatoa mashine, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa betri. Akaweka kiti uani, na meza ndogo, akatangaza kwamba msiba hupandisha presha, waombolezaji wote wapimwe, leo hakuna ubaguzi. Na wakapanga foleni! Msukuma mkokoteni naye alipimwa, akashukuru hadi kuinama. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema huyu mzee ana moyo wa ajabu, amefiwa na bado anahudumia watu.

Nikapanga foleni na mimi. Zamu yangu ilipofika nikakaa, nikanyosha mkono. Akanifunga mkanda. Mashine ikabana, ikaachia, akainama kusoma.

"Iko juu, shemeji," akasema kwa upole. "Ni majonzi. Tukae kidogo, tutarudia."

"Ya mjumbe ilikuwa ngapi Alhamisi?" nikamwuliza.

"Mia na arobaini kwa tisini."

"Ya mwalimu mkuu?"

"Mia na ishirini na tano kwa themanini," akajibu bila kufikiri, na kifua kikamjaa kidogo mbele za watu.

"Na ya dada yangu?"

Alinitazama, akatazama mashine, akaanza kukunja mpira wake, pole pole, mzunguko juu ya mzunguko. Nilimngoja. Nilitaka alie. Angelia, pengine leo ningekuwa namsimulia kwa namna nyingine. Lakini alionekana mtu aliyeshangazwa na swali lenyewe, kama nimemwuliza kitu ambacho yeyote angejua jibu lake.

"Dada yako," akasema, "si alikuwa mtu wa nyumbani."

Nikafungua mkanda mwenyewe, nikasimama. Aliyekuwa nyuma yangu akakaa, akakunja mkono wa shati.